Je, kila nchi hujali maslahi yake tu? Jibu kwa mwanafunzi wa Nachingwea

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Mtwara, na nyumbani ni Nachingwea. Katika somo la uhusiano wa kimataifa tumefundishwa kwamba, kwa mujibu wa nadharia ya uhalisia, kila nchi hutazama usalama na maslahi yake tu. Likizo iliyopita nilimweleza babu yangu jambo hilo, naye akakasirika. Anasema waliishi na wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kwa miaka mingi, wakawapa ardhi na chakula, na nchi yetu haikudai malipo. Je, nadharia hiyo ni ya uongo, au babu anatia chumvi? Na hizo nadharia nyingine zinatofautiana vipi hasa?"

Marahaba, mwanangu. Babu yako hajatia chumvi katika jambo la msingi, wala mwalimu wako hajakufundisha uongo. Tatizo limejificha katika neno moja ambalo wewe umelipokea kana kwamba maana yake iko wazi, nalo ni neno "maslahi". Nitalifikia, kwa kuwa ndilo linalozitenganisha nadharia zote unazozisoma, lakini siwezi kulifikia kabla ya kuweka sawa maneno mawili yanayolitangulia, yaani dola na mamlaka.

Katika maneno haya Kiswahili kinatusaidia sana, kwa sababu kina nchi, kina taifa, kina dola na kina serikali, na kila neno lina mahali pake. Nchi ni ardhi na mahali. Taifa ni watu wanaojiona kuwa wamoja. Serikali ni wale wanaotawala kwa wakati fulani, nao huja na kuondoka. Dola ndiyo inayobaki, na sheria ya kimataifa huitambua kwa sifa nne zilizoandikwa katika Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika mahusiano na dola nyingine. Ukisimama kwenye Daraja la Umoja pale Mtambaswala utaona tofauti hiyo kwa macho. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma, wanaoana na kuzikana, lakini dola ni mbili, na mpaka kati yake ulikubaliwa na Ujerumani na Ureno mwaka 1886 bila mtu wa Newala au wa Mueda kuulizwa lolote.

Mamlaka kamili ya dola maana yake ni kwamba ndani ya mipaka yake hakuna aliye juu yake. Ukilifuata wazo hilo mpaka mwisho utafika kwenye dhana ya anarkia, inayosumbua wanafunzi kuliko zote, ile ambayo wengi huitafsiri kama "vurugu", wakapotea tangu ukurasa wa kwanza. Wataalamu wanaposema kwamba mfumo wa kimataifa hauna mtawala, hawasemi kwamba umejaa fujo. Wanasema kwamba hakuna serikali juu ya serikali. Jirani akihamisha mpaka wa shamba lako la mikorosho, utakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwenye baraza, na hatimaye mahakamani, na hukumu ikitoka wapo wa kuitekeleza. Sasa itazame Kionga, ile pembetatu ya ardhi iliyo kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Wajerumani waliichukua mwaka 1894. Ureno ilikuwa na malalamiko, lakini haikuwa na baraza la kuyapeleka, ikasubiri mpaka Vita Kuu ya Kwanza, ikairudisha kwa jeshi mwaka 1916, na baada ya vita washindi wakaithibitishia umiliki huo mwaka 1919. Leo Kionga iko Msumbiji. Hiyo ndiyo maana ya kuishi bila mamlaka ya juu: mwenye haki bila nguvu hungoja, na siku atakayopata haki hiyo huamuliwa na nguvu za watu wengine.

Nadharia ya uhalisia inaanzia hapo. Mizizi yake hutajwa kuwa ni Thucydides wa Ugiriki ya kale na Thomas Hobbes wa Uingereza ya karne ya 17, lakini iliyokuja kutawala vyuoni ni ile ya Hans Morgenthau, aliyeandika mwaka 1948, na ya Kenneth Waltz, aliyeandika mwaka 1979. Wawili hao hawafanani. Morgenthau aliona kwamba tamaa ya nguvu imo ndani ya binadamu mwenyewe. Waltz hakuhitaji binadamu awe mbaya. Alisema kwamba hata wakiwa watu wema, maadamu hakuna wa kuwalinda, kila dola italazimika kujilinda yenyewe, itahesabu nguvu za majirani, na itajiunga na wengine pale mmoja anapozidi mno ili mizani ya nguvu isielemee upande mmoja. Humo ndimo unamozaliwa mtanziko wa usalama: ninaongeza silaha kwa hofu, jirani yangu anaona silaha bila kuiona hofu yangu, naye anaongeza zake, na mwishowe sote wawili tuko hatarini kuliko tulivyoanza, ingawa hakuna aliyetaka vita. Mimi huwasihi wanafunzi waanze na Waltz wanapotaka kuelewa uhalisia, kwa sababu Morgenthau huwafanya wadhani kwamba nadharia hii ni lawama kwa wanasiasa wabaya.

Sasa tulilete jambo la babu yako. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni kuasi mwezi Januari mwaka huohuo. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita vyake dhidi ya Ureno tarehe 25 Septemba 1964. Tafakari tarehe hizo mbili. Dola ambayo jeshi lake lilikuwa na umri wa siku 24 iliruhusu ardhi yake iwe mgongo wa vita dhidi ya nchi mwanachama mwanzilishi wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Mashambulizi na mabomu ya kutegwa yaliwahi kuwafikia wanavijiji wa upande wetu wa Ruvuma, na katika makaburi ya mashujaa pale Naliendele wamelala askari wetu walioanguka kwa ajili ya Msumbiji. Ikiwa uhalisia unamaanisha kukwepa hatari, basi babu yako ameushinda.

Lakini mhalisia makini hatakubali kushindwa upesi hivyo, nawe huna budi kumsikiliza kabla ya kuandika insha. Atakwambia kwamba Ureno yenye jeshi la kikoloni ukingoni mwa Ruvuma, ikiwa na rafiki zake wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini nyuma yake, ilikuwa tishio la kudumu, na kwamba Tanzania ilikuwa na kila sababu ya kutaka jirani rafiki badala ya jirani adui. Kuwasaidia wengine wapigane ni njia nafuu kuliko kupigana mwenyewe. Atakukumbusha pia kwamba ulinzi wa NATO, kwa mujibu wa kifungu cha 6 cha mkataba wake, haukuyahusu makoloni ya Ureno barani Afrika, hivyo hatari ya kupambana na Marekani ilikuwa ndogo kuliko inavyoonekana. Hoja hizo ni nzito. Naziona zinaeleza sehemu ya uamuzi ule, na sitaki uzipuuze kwa sababu tu zinamuudhi babu.

Njia ya kuzipima ni kulinganisha. Malawi ilipata uhuru Julai 1964, ikiwa maskini kama sisi, ikiwa na jeshi dogo kama letu, na ikipakana na Msumbiji kwa mpaka mrefu. Rais Banda aliona Ureno ileile tuliyoiona sisi. Akaamua kufanya nayo biashara na urafiki, na mwaka 1967 akaanzisha uhusiano wa kibalozi na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini, jambo ambalo hakuna nchi nyingine huru ya Afrika iliyolifanya wakati huo. Jirani mmoja, hatari moja, maamuzi mawili yasiyofanana kabisa. Mhalisia atajibu kwamba Malawi haina bahari, na mizigo yake ilipita kwa reli kwenda bandari za Msumbiji, ilhali sisi tulikuwa na Dar es Salaam, Tanga na Mtwara yenyewe. Ni jibu zuri, na lingenitosha kama isingekuwapo Zambia.

Zambia nayo haina bahari. Shaba yake ilipita kwenye reli ya Rhodesia na bandari za Wareno, na Reli ya Uhuru (TAZARA) ilianza kujengwa mwaka 1970 tu. Hata hivyo Kaunda alivipokea vyama vya ukombozi tangu mapema, na FRELIMO ilipofungua uwanja wa vita wa Tete mwaka 1968 ilipitia kwake. Ian Smith, kiongozi wa Rhodesia, alipofunga mpaka mwezi Januari 1973 kuiadhibu Zambia, kisha akautangaza kuwa wazi, Kaunda alikataa kuurudia. Kama bandari na reli ndizo zilizoamua msimamo wa Malawi, zilishindwaje kuamua msimamo wa Zambia? Hapo, kwa maoni yangu, uhalisia peke yake unafika mwisho wa njia, nasi tunalazimika kutafuta msaada kwingine.

Uliberali una mambo mawili ya kutupa. La kwanza ni taasisi. Waliberali, kuanzia Immanuel Kant mwaka 1795 hadi Robert Keohane na Joseph Nye katika miaka ya 1970, wanakubali kwamba hakuna serikali ya dunia, lakini wanasema kwamba dola zinaweza kujiwekea kanuni na vyombo vinavyopunguza hofu na gharama ya kushirikiana. Tanzania haikuibeba FRELIMO peke yake. Umoja wa Mataifa ulikwisha kutoa azimio la kumaliza ukoloni Desemba 1960, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaundwa Mei 1963, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Vyombo hivyo vilileta fedha, silaha na jambo jingine lenye thamani zaidi, yaani uhalali: mpiganaji aliyekuwa kambini Nachingwea aliacha kuwa mhalifu kama Wareno walivyomwita, akawa mtu ambaye dunia nzima ilikuwa imekiri kwamba anadai haki yake. Angalia pia mkutano wa Cairo wa Julai 1964, ambako wakuu wa nchi za Afrika, kwa hoja iliyosukumwa na Nyerere, walikubali kuiheshimu mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Ndiyo maana Msumbiji ilipopata uhuru hakuna mtu wa Dar es Salaam aliyedai kurudishiwa Kionga, na hakuna mtu wa Maputo aliyedai ukingo wa huku. Kanuni iliyoandikwa kwenye karatasi imefanya kazi ambayo mwaka 1894 haikufanywa na chochote.

La pili ni kwamba waliberali huifungua dola na kutazama ndani. Waltz huichukulia dola kama jiwe lisilo na tundu. Yaliyomo ndani hayamhusu sana. Lakini vita vya Msumbiji havikuishia porini peke yake. Viliisha kwa sababu tarehe 25 Aprili 1974 maafisa wa jeshi la Ureno, waliochoka kupeleka vijana kufa Afrika, waliipindua serikali yao wenyewe mjini Lisbon, na kufikia Septemba mwaka huo makubaliano ya Lusaka yakatiwa saini. Mizani ya nguvu kati ya dola ilikuwa ileile. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya Ureno. Hata hivyo sikubaliani na waliberali wanaposimulia hadithi hii kama ushindi wa mashauriano. Wale maafisa walichoshwa na miaka 13 ya vita nchini Angola na karibu 10 nchini Msumbiji, wala hawakuchoshwa na hotuba za Umoja wa Mataifa kule New York.

Kuna shule ya tatu ambayo mitaala mingi huipa saa moja mwishoni mwa muhula, nami nasikitika kuona hivyo, kwa sababu sehemu ya mawazo yake ilipikwa hapa nchini. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo babu yako aliyokuwa akiishi na FRELIMO. Wana nadharia ya utegemezi, na Wamarx (wafuasi wa Karl Marx) kwa jumla, hawaanzi na dola. Wanauliza nani anazalisha, nani anachukua, na njia za kuchukulia zilijengwa kwa ajili ya nani. Huna haja ya kwenda mbali kuwaelewa. Nachingwea ilifunguliwa na Waingereza mwaka 1947 kwa mradi mkubwa wa karanga, uliokusudiwa kuwapatia wao mafuta ya kula baada ya vita. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili hiyo, na reli ikatoka pwani kwenda Nachingwea bila kujali kuunganisha miji yetu sisi kwa sisi. Mradi ukavunjika mwaka 1951, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu haikuwa na mzigo tena. Hata korosho zetu za leo, ambazo kwa sehemu kubwa husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, zinaturudisha kwenye swali lile.

Nadharia hii inaeleza vizuri kwa nini ukombozi wa bendera haukuwa mwisho wa safari. Msumbiji huru ilibaki na bandari, reli na ajira za migodini vilivyofungamana na Afrika Kusini, na mwezi Machi 1984 Rais wake Samora Machel, yuleyule aliyefundisha wapiganaji Nachingwea, alilazimika kutia saini mapatano ya Nkomati na serikali ya makaburu. Utegemezi na uhalisia hapo wanapeana mkono: aliyekushika tumbo na aliyekushika shingo walikuwa mtu mmoja. Udhaifu wa nadharia hii ni kwamba uchumi wetu, wa Malawi na wa Zambia ulikuwa na muundo unaofanana sana, kwa hiyo haituelezi kwa nini tulichagua tofauti.

Sasa tulirudie lile neno "maslahi". Shule ya nne, inayojulikana zaidi kwa maandishi ya Alexander Wendt kuanzia mwaka 1992, ndiyo nadharia ya ujenzi wa kijamii. Inasema kwamba maslahi hayaokotwi barabarani yakiwa tayari. Dola kwanza hujijua ni nani, na kutokana na kujijua huko ndipo inapojua inataka nini na nani ni adui. Uhalisia huchukulia kwamba kila dola inataka kitu kilekile. Wendt anauliza nani aliyeifundisha kukitaka. Mwaka 1959, kabla hata hatujapata uhuru, Nyerere alizungumza juu ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro umulike nje ya mipaka yetu. Mtu aliyelelewa katika wazo hilo alihesabu uhuru wa Msumbiji kuwa sehemu ya uhuru wake mwenyewe. Kwake hakukuwa na "maslahi yetu" upande huu na "huruma kwao" upande ule. Malawi ya Banda ilijitambua kwa namna nyingine, ikahesabu faida kwa namna nyingine. Na kwamba watu wa Nachingwea walikuwa na ndugu ng'ambo ya mto hakukuwa jambo dogo, ingawa ndugu peke yao wasingetosha, maana Malawi nayo ilikuwa na ndugu kule.

Ukisema kwamba dola hufuata utambulisho wake, lakini, lazima uonyeshe kwamba ililipa gharama kwa ajili hiyo, la sivyo hotuba zitakudanganya. Tanzania ililipa. Mwezi Desemba 1965 ilivunja uhusiano na Uingereza kwa kutowazuia walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi inayohesabu shilingi na bunduki tu isingefanya hivyo. Ndiyo maana nasema babu yako yuko sahihi, na ndiyo maana pia sikubali kwamba uhalisia ni uongo: unaeleza uzito wa bei tuliyolipa, hata kama hauelezi kwa nini tulikubali kuilipa.

Kuna zana moja zaidi, iliyotoka kwa Waltz huyohuyo katika maandishi yake ya mwaka 1959, itakayokusaidia kutochanganya hoja. Alishauri tutenganishe ngazi tatu za uchambuzi: mtu, dola na mfumo. Ukimtaja Nyerere au Banda uko ngazi ya mtu. Ukitaja mapinduzi ya Lisbon uko ndani ya dola. Ukitaja ushindani wa Marekani na Urusi ya Kisovieti uko ngazi ya mfumo. Insha nyingi ninazosahihisha huanguka kwa sababu mwandishi anaruka kutoka ngazi moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja, akidhani amejibu swali wakati amelibadilisha.

Huenda utaulizwa pia juu ya mambo ya sasa. Tangu Oktoba 2017 mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, umekuwa na uasi unaoendeshwa na kundi lenye silaha, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Mwezi Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari wake, na SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), Tanzania ikiwamo, ikapeleka kikosi chake kilichoondoka mwaka 2024. Hapa nadharia zote zilizoundwa kwa ajili ya dola zinabanwa, kwa kuwa adui si dola. Kwa insha ya mwaka wa kwanza ningekushauri usianzie huko.

Anzia Malawi. Weka Tanzania, Malawi na Zambia ubavuni mwa Ureno mwaka 1964, kisha jiulize kila nadharia inatabiri nini kwa kila mmoja wao na inakosea wapi. Na ukienda likizo, usimpelekee babu nadharia nyingine ya kubishana naye. Muulize ardhi waliyopewa wapiganaji ilikuwa ya nani, nani alikuja kijijini kueleza kwa nini itolewe na alitumia maneno gani, chakula kilichangwa kwa hiari au kwa amri, na kama kulikuwa na waliokataa au walioogopa ndege za Wareno. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe. Hatakuambia baraza la mawaziri lilihesabu nini, na usimdai hilo. Ila jinsi watu wa kawaida walivyoanza kuiona vita ya ng'ambo ya mto kuwa yao ni jambo analolijua yeye kuliko vitabu vyangu, na waliobaki wa kulisimulia ni wachache.